Nilipoliosha Jiwe la Akina Mama kwa Sabuni

Mwanangu, kosa langu kubwa la kwanza katika kazi ya kuandika mabango ni hili: niliandika tangazo langu kwenye jiwe la ibada la akina mama wa Gendabi, na chini yake nikaweka namba yangu ya simu.

Najua sina mvi za kukuita mwanangu. Nina miaka thelathini na mmoja, na hata ndevu zangu zimeota upande mmoja zaidi ya mwingine, jambo linaloninyima raha kila nikitazama kioo. Lakini mimi nimewahi kuhukumiwa na baraza la akina mama wa Kibarabaig, na bibi aliyenihukumu alisema mwanamume akishapita pale ameshazeeka, kwa hiyo nikawaonye wadogo zangu. Basi nisikilize.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi nilitoka kwetu Nangwa na baiskeli, makopo mawili ya rangi na brashi tatu, kwenda Gendabi kuandika jina la duka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi hii sikuisomea popote. Nilijifunza nyumbani kwa kunakili herufi za magunia ya mbolea na makopo ya dawa ya mifugo, nikipima nafasi kati ya herufi na herufi kwa punje ya mahindi. Nafasi ikizidi punje moja, chakula hakikupita kooni.

Nilipomaliza duka, rangi ikabaki. Nikiwa njiani kurudi nikaliona jiwe. Lilikuwa refu kama ng'ombe wawili waliosimama kichwa kwa mkia, na upande wake mmoja umenyooka kama ubao wa darasani, ukielekea njia ya watu waendao mnadani Katesh. Nikasema moyoni, huu ubao Mungu kaniwekea mimi.

Tatizo lilikuwa moja. Jiwe lilikuwa jeusi, linang'aa, linateleza, na lilinukia maziwa. Mtu mwingine angejiuliza mafuta yamefikaje kwenye jiwe lililoko malishoni. Mimi nilijiuliza rangi itashikaje. Nikarudi dukani kuchukua sabuni ya unga, nikachota maji lamboni, nikalisugua jiwe lile mpaka likawa la kijivu, limepauka kama magoti ya mtoto. Unisamehe nikisema hivi, lakini nataka ujue kwamba nililiosha vizuri sana.

Kisha nikaandika: FUNDI PASKALI, MABANGO NA MAANDISHI YA KILA AINA. Na namba.

Nikarudi nyuma hatua kumi kutazama. Herufi ya D ilikuwa imeinama. Kidogo tu, kama mtu anayetaka kusikia mazungumzo ya jirani. Nikaenda nyumbani nayo kichwani. Kesho yake nikapanda baiskeli tena mpaka Gendabi, nikainyoosha D. Ilipokaa sawa, zile nyingine zote zikaonekana zimelewa. Siku ya tatu nikarudi kuzinyoosha nazo.

Kwa hiyo, mwanangu, unapowaza juu ya mhalifu anayekimbia akijificha, usinifikirie mimi. Mimi nilikaa mahali pa kosa siku tatu, mchana kweupe, nikisalimia wapita njia. Wazee wawili walipita na fimbo zao. Nikawaambia shikamoo. Hawakuitikia. Kwetu mzee asipoitikia shikamoo, unatakiwa ujiulize umefanya nini tangu uzaliwe. Mimi nilidhani wametekwa na uzuri wa herufi.

Siku ya nne simu ikalia.

"Wewe ndiye Paskali fundi?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndiyo, mama, shikamoo."

"Tumeona kazi yako kwenye jiwe."

Moyo ukaruka. Mteja wa kwanza wa tangazo! Lakini nikakumbuka kasoro ambayo sikuwahi kuimaliza, nikaona niwe mkweli mapema. "Samahani sana, mama. Ule mstari wa pili umepanda juu kidogo upande wa kulia. Nitaurekebisha."

Kisha nikamsikia akiwaeleza wenzake kwa lugha yao, na akina mama wengi wakacheka, kicheko ambacho mpaka leo sijajua kilikuwa cha namna gani.

"Utarekebisha," akasema. "Njoo kesho."

Nilivaa shati jeupe. Nilibeba brashi zote tatu.

Nilipofika nilikuta akina mama wamekaa karibu na jiwe, labda arobaini, wamevaa sketi zao za ngozi ambazo hazivaliwi bila sababu. Hakuna mwanamume hata mmoja. Wale niliowapita njiani walikuwa wamesimama mbali, na mmoja aliponiona na brashi zangu alijishika kichwa. Hapo nilianza kuelewa. Kwao wanaume wana baraza lao, lakini mwanamume akiwakosea wanawake, wanawake wenyewe ndio hukaa na kumhukumu, na hakuna mume wala kaka anayeweza kuingilia.

Aliyewaongoza alikuwa bibi mwembamba aliyeshika fimbo ndefu. Jina lake sikuthubutu kuuliza, nikamwita Bibi Fimbo moyoni, kisha nikaogopa kwamba amesikia.

"Hii rangi nani kapaka?" akauliza.

"Mimi, bibi." Jina langu lilikuwa nyuma yangu, lina urefu wa ng'ombe wawili. Kukataa kusingesaidia.

"Rangi tumeiona. Siagi iko wapi?"

"Siagi gani, bibi?"

Akina mama wakaguna wote pamoja. Bibi Fimbo akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyeanguka kwenye baiskeli. Kila mama wa pale akijifungua, hukaa ndani na mtoto kwa miezi. Siku ya kutoka, mguu wake wa kwanza ni kwenda kwenye jiwe lile, analipaka siagi, anamshukuru Mungu. Mama yake alipaka. Bibi yake alipaka. Ule weusi niliouona ulikuwa siagi ya akina mama wote waliowahi kuzaa Gendabi.

"Na wewe uliitoa kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni ya unga, bibi," nikasema. Kwa sababu nina ugonjwa wa kutaka kueleza kila kitu kikamilifu, nikaongeza: "Pakiti mbili."

Hapo ndipo alipofika mtendaji wa kijiji na pikipiki, amebana daftari kwapani. Akawasalimu akiwa mbali, akasema jambo hili ni kuharibu mali ya asili, nipelekwe polisi, nikae ndani iwe fundisho.

"Akikaa ndani," Bibi Fimbo akamuuliza, "jiwe litasuguliwa na nani? Na wewe?"

Mtendaji akafungua daftari lake, akalifunga tena.

Mama mmoja akasema faini ya kawaida ni fahali mweusi, nilete. Nikasema sina fahali, nina baiskeli, lakini baba yangu anaye mmoja. Nilisema kwa matumaini.

"Fahali wa baba yako hajaandika kwenye jiwe," Bibi Fimbo akasema. "Mwache ale majani yake."

Hukumu ikawa hii. Nitaitoa rangi kwa mikono yangu, bila patasi, bila moto, bila petroli. Nitarudisha siagi, na siagi hiyo nitaitikisa mwenyewe. Na kila atakayepita akiuliza ninafanya nini, nitamwambia, bila kupunguza. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea nyumba ya udongo iliyokuwa karibu na jiwe. "Mle ndani yuko Udasiga na mtoto wake wa kwanza. Siku zake za kutoka zimefika. Hatoki mpaka jiwe liwe tayari. Ukichelewa, humcheleweshi mtendaji. Unamchelewesha yeye."

Na ndani ya nyumba sauti ya msichana ikapaza: "Wee fundi! Mimi nimekaa humu tangu mahindi yakiwa yanafika magotini! Anza!"

Sikuanza. Mimi na wasiwasi wangu tulitafuta njia iliyo safi zaidi. Nilikwenda Nangwa, nikachanganya rangi ya kijivu siku mbili, nikilinganisha na kipande cha mwamba wa pale pale nilichokiokota, mpaka nikapata kijivu ambacho hata mjusi angekikalia. Nikarudi nikafunika neno FUNDI. Halikuonekana kabisa. Nikamwita Bibi Fimbo kwa furaha.

Alitazama. Akagusa kwa kidole. "Umelipaka jiwe rangi ya jiwe?"

"Ndiyo, bibi. Inafanana kabisa."

"Ulikuwa na rangi moja ya kutoa. Sasa unazo mbili."

Kutoka ndani ya nyumba: "Amefanya nini?" Mtu akamwambia. Udasiga alicheka mpaka mtoto akaamka akalia. Akaanza kumbembeleza na kunitukana kwa zamu.

Basi nikasugua. Mchanga, maji, vipande vya gunia. Rangi niliyonunua ilikuwa nzuri, nilikuwa nimechagua ile isiyobanduka kwa mvua wala jua, na nililipia ubora ule kwa ngozi ya vidole. Watu walipita kwenda mnadani na mbuzi wao.

"Fundi, unafanya nini hapo?"

"Shikamoo, mzee. Nililiosha jiwe la akina mama kwa sabuni, nikaandika jina langu."

"Pakiti ngapi?"

"Mbili."

Walikuwa wanajua. Waliuliza ili wasikie. Wengine walirudi jioni kutoka mnadani wakauliza tena.

Na kila siku Udasiga aliniuliza kupitia ukutani nimefika herufi gani. Mwanzoni nilikasirika. Siku moja hakutania. Alisema taratibu, "Kaka, mama yangu ni mgonjwa huko Yaeda Chini. Hajamwona mtoto. Siwezi kumpeleka kabla sijafika kwenye jiwe. Umefika herufi gani?"

Nilikuwa kwenye neno MAANDISHI. Nilikuwa nimekaa asubuhi nzima kwenye herufi moja, nikiondoa alama ambayo hakuna jicho lingeiona. Mwanangu, niliona aibu ambayo hata baraza halikuwa limenipa. Mpaka siku ile nilidhani nimekosea jiwe. Kumbe jiwe lilikuwa salama tu pale malishoni. Niliyemkosea alikuwa mtu, yuko nyuma ya ukuta, na mama yake yuko mbali. Niliacha alama zile ndogo, nikasugua kwa mikono miwili, nikamaliza kabla ng'ombe wa jioni hawajarudi.

Ikabaki siagi. Bibi Fimbo akanipa kibuyu cha maziwa, akanikalisha njiani nikitikise. Kwao hiyo ni kazi ya wasichana. Nilitikisa kwa mpigo mmoja, nikihesabu, kwa sababu sijui kufanya kitu bila kuhesabu. Msichana wa miaka minane akasimama mbele yangu akatikisa kichwa.

"Unayatisha maziwa," akasema. "Yatikise kama mtoto, siyo kama jembe."

Nilirudi kuanza upya mara tatu. Mara ya nne siagi ikatoka, kidogo, ina mabonge, mbaya kuliko siagi yoyote ya Gendabi. Nikaomba nitengeneze nyingine nzuri zaidi. Bibi Fimbo akanipokonya kibuyu. "Inatosha," akasema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilielewa maana ya neno hilo.

Asubuhi iliyofuata Udasiga alitoka. Nilikuwa nimemwazia mtu mkubwa kwa jinsi alivyokuwa na sauti, kumbe ni msichana mfupi anayefinya macho kwa sababu ya mwanga. Mtoto alikuwa amefungwa kifuani. Akina mama wakaimba. Akapaka siagi yangu yenye mabonge kwenye jiwe kwa viganja vyote viwili, akaomba, kisha akanipita akanitazama juu mpaka chini.

"Ndiye huyu? Mbona mdogo hivi?"

Akina mama wakaangua kicheko. Siku ile ile alipanda pikipiki kwenda Yaeda Chini, na mama yake akamshika mjukuu wake akiwa bado ana nguvu ya kukaa. Hilo niliambiwa baadaye kwa simu, maana namba yangu walikuwa nayo.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu. Nakuona unapanda Mlima Hanang na wenzako, mmebeba kopo la rangi ya kupuliza, mnaandika majina na mwaka kwenye mwamba, mnapiga picha, mnashuka. Unadhani mwamba ule hauna mtu. Kila mahali palipong'arishwa na mikono, palipopakwa kitu, palipozungushiwa mawe madogo, kuna mtu alifika pale na shida yake au furaha yake, na kuna mwingine anasubiri zamu yake. Ukipaharibu, unamfungia ndani.

Na ukiwa mkubwa, ukapewa kazi ya kuhukumu, usikimbilie kumfungia mkosaji mahali ambapo haoni alichoharibu. Mrudishe pale pale. Mpe mchanga na gunia. Asimtume baba yake kulipa. Ajibu maswali ya wapita njia kwa mdomo wake mwenyewe. Na amsikie, hata kama ni kupitia ukutani, yule anayemsubiri amalize. Adhabu iishe pale kitu kinapopona, isiishe kabla na isiendelee baada ya hapo. Akina mama wale hawakuwahi kunitaja kosa langu tena, isipokuwa kunicheka, na huko ni kukubaliwa.

Mungu akupe mikono inayojenga. Akupe wazee wakali wenye huruma, na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akupe mahali pa kurudi ukatengeneze. Mifugo ya kwenu inywe maji safi, na ukiamkia watu wakuitikie.

Mimi bado naandika mabango. Sasa kabla sijafungua kopo la rangi, nagonga hodi kwanza na kuuliza mahali hapa ni pa nani.