Gauni Lisilo na Mabega: Safari ya Itumbe

Kilichonitoa Nairobi ni bango ambalo lilikuwa halijachapwa. Miaka hiyo ya sabini mwanzoni nilikuwa mpiga picha katika studio moja ndogo, na kamati fulani ya muziki ilikuwa ikiandaa tamasha la nyimbo za kale za Ulaya, zile anazoimba mtu mmoja huku kundi zima la wapiga fidla limekaa nyuma yake. Mwimbaji mkuu aliyechaguliwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kisii, Bi. Kemunto. Siku ya majaribio niliitwa kupiga picha za wajumbe wa kamati tu, lakini mama huyo alipofungua sauti nilisahau kabisa kilichonileta.

Kabla sijapata nafasi ya kumpiga picha, alirudi kwao kufundisha. Katibu wa kamati akaniita ofisini. Alinikabidhi sanduku la kadibodi lenye gauni jeusi, akaniambia anataka picha kama za waimbaji wa Ulaya: mdomo wazi, shingo wazi, mabega wazi. Mabango yangechapwa Jumatatu. Picha isipopatikana, nafasi ingeenda kwa mwimbaji wa pili, binti wa pale mjini ambaye picha zake zilikuwa tayari mezani.

"Hatuwezi kutangaza sauti bila sura," alisema. "Wewe ndiye unayemwimbisha au kumnyamazisha."

Afadhali asingeniambia hivyo. Mimi ni Mtaita, mtoto wa nchi kame, na kwa tabia ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango hurudi kuusukuma nione kama umefungika kweli. Sasa nilikuwa nimebebeshwa bahati ya mtu mwingine ndani ya kadibodi.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi la Kisii. Kamera niliipakata, na sanduku la gauni nikalilaza juu ya kamera. Hadi Nakuru nilikuwa nikiwaza kwamba lenzi ina ukungu. Kericho mvua ilitupokea, nikaanza kuiwazia filamu, maana unyevu ukiingia mle ndani hakuna dawa. Abiria mwenzangu, mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao Sotik, alinitazama nikifungua na kufunga mkoba mpaka akachoka.

"Baba, kilichomo humo hakiruki," aliniambia. "Kiache kipumzike."

Mjini Kisii tulifika mchana, barabara ikitiririka maji mekundu na mikungu ya ndizi imerundikwa kando ya soko, watu wamejikinga kwa majani yake. Kuelekea Itumbe nilipata lori lililokuwa likirudi kuchukua majani mabichi ya chai. Dereva aliniweka mbele kwa heshima, lakini njia nzima alikuwa akinicheka jinsi nilivyolikumbatia sanduku. "Umebeba mayai?" aliuliza. Nikamjibu kuwa ningetamani yawe mayai.

Jioni nilifika kwa Bi. Kemunto. Mwenyewe alizaliwa upande wa Nyamira akaolewa huku, na nyumba yao ilikuwa chini ya kilima, chai imeizunguka pande tatu. Mumewe, Nyamweya, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai, ndiye aliyenipokea. Juu yetu, umbali wa mtu kuita akasikika, palikuwa na nyumba ya baba yake, Mzee Onchiri. Niliwekewa ugali wa wimbi, mboga chungu kidogo na maziwa ya mgando, nikala kama mtu aliyetoka vitani.

"Kesho ni Ijumaa," Nyamweya alisema. "Jua likizama hapa kazi inafungwa. Sisi ni Wasabato. Mpaka Jumamosi jioni huwezi kumpiga picha ya kazi."

"Jumamosi jioni sitakuwa na mwanga."

"Ndiyo. Na mchana mvua inanyesha kila siku. Kwa hivyo una asubuhi ya kesho."

"Nayo asubuhi ikoje?"

"Ukungu," alisema, akaniongezea maziwa.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya chai hata miti ya mpaka haionekani. Nilisimama uani nikiutazama. Ulipoanza kupungua nikamkabidhi Bi. Kemunto, aliyekuwa ameomba ruhusa shuleni, sanduku lake, naye akaingia chumbani, mimi na Nyamweya tukabaki sebuleni. Tukasubiri. Tukasubiri tena. Alipotoka alikuwa bado na nguo zake za nyumbani, na gauni amelikunja mkononi.

"Halina mabega," alisema.

"Ndivyo lilivyoshonwa, Mwalimu. Ni la jukwaani."

"Najua ni la jukwaani. Jukwaani nitavaa, kule hakuna mtu wa kwetu. Lakini hii ni picha. Itabandikwa wapi?"

Nikamwambia ukweli: Nairobi kwanza, kisha Nakuru na Kisii, kwa kuwa tamasha lingezunguka. Akaketi kwenye kiti, polepole. Nyamweya alikuwa akiangalia sakafu.

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo katibu na gauni lake hawakulijua. Wakisii wana heshima zao wanazoziita chinsoni, na kubwa kuliko zote ni ile ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Mzee hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akikaribia ua, hukohoa kwa mbali ili mkamwana ajitengeneze. Hawagusani, wala mmoja hamwoni mwenzake akiwa hajajisitiri. Mabega wazi kwenye ukuta mjini Kisii, mahali Mzee Onchiri anapopita kila siku ya soko, yangekuwa sawa na yeye kuingia chumbani kwa mkamwana wake bila kukohoa.

"Nikifanya hivyo," Bi. Kemunto alisema, "yeye ndiye atakayeaibika, si mimi. Hatakwenda soko tena. Namjua."

Niliwaza mtandio. Niliwaza kumpiga uso peke yake. Kila nililowaza nilimwona katibu akitikisa kichwa na kunyoosha mkono kuchukua zile picha zilizo tayari mezani. Nikawaeleza maneno yake yote, maana kuwaficha kungekuwa kuwadhulumu. Bi. Kemunto alisikiliza hadi mwisho. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa lile gauni lenyewe, kisha akaona alichofanya akalipangusa.

"Miaka yote naimba kanisani na darasani," alisema. "Nilitaka mara moja niimbe na fidla nyuma yangu. Mara moja tu."

"Muulizeni Mzee," nilisema.

Nyamweya akanitazama kana kwamba nimetukana. "Nimwambie nini? Mwana anaweza kumtajia babake mabega ya mkewe? Hiyo nayo ni chinsoni." Akaangalia juu kilimani. "Lakini wewe si mtu wetu. Mgeni anaweza kusema jambo, halafu anaenda zake."

Saa nne hivi nilipanda kilima. Nilijipa moyo kwamba mjumbe hauawi. Nikafika nikamkuta Mzee Onchiri ameketi kwenye kigogo mbele ya nyumba yake, mwembamba, kofia imemkaa vizuri kichwani, ananoa panga.

"Bwakire, Mzee," nilimsalimu, kwa neno pekee la Ekegusii nililokuwa nimejifunza.

"Bwakire buya. Umekula?"

"Nimekula, Mzee."

"Umetumwa?"

"Nimetumwa na mwanao."

"Kama ameacha mdomo wake akatuma mgeni, hiyo ni maneno nzito. Sema."

Nikasema. Sijui nilivyosema. Nakumbuka nilikuwa nikitazama mti wa parachichi badala ya uso wake, na kwamba sikulitaja jina la mkamwana wake hata mara moja. Nilisema kuna nguo ya kuimbia, na nguo hiyo haifiki hapa. Nikajigusa bega. Panga likaendelea kwenda na kurudi juu ya jiwe.

"Huko Nairobi watu wanaimba na mabega?"

"Hapana, Mzee. Ni desturi ya hiyo nguo."

"Na asipovaa?"

"Watamchukua mwingine."

"Huyo mwingine anamshinda?"

"Hamshindi. Nimewasikia wote wawili."

Aligeuza panga upande wa pili. Nilitamani akasirike tu, nijue moja.

"Hiyo picha itakaa ukuta gani?" aliuliza.

"Sijui bado, Mzee. Ni mjini Kisii, lakini ukuta sijaujua."

"Ujue. Ukijua, nitumie habari. Mimi nina njia nyingi za kuenda soko. Nikijua ukuta, nitajua njia."

Nilisimama pale nisijue kama ndiyo ruhusa au vipi. Mzee akainuka, akalijaribu panga kwa kidole gumba. Akasema ng'ombe wake mmoja yuko kwa shemeji yake ng'ambo ya mto, na leo ni siku nzuri ya kwenda kumwangalia mpaka mvua ije. Akashuka njia ya upande wa pili, akikohoa kila baada ya hatua chache, kikohozi kikubwa cha mtu mwenye mapafu mazima. Niliteremka mbio hadi kwa Nyamweya na mkewe. Kabla sijafungua mdomo, walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza.

"Anavuka mto," Nyamweya alisema.

Kikohozi kikasikika tena, hafifu, kutoka ng'ambo. Bi. Kemunto akaingia ndani na gauni.

Tulipigia picha kwenye chai, juu kidogo ya nyumba, ukungu ukiwa umebaki bondeni tu. Mwanga ulikuwa laini na sawa, mwanga ambao studio ningekesha usiku kuutafuta nisiupate, lakini sikuufurahia kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Nyamira. Picha za kwanza zilikuwa za mtu aliyemeza mwiba. Mabega yalikuwa wazi, ila ameyapandisha hadi masikioni.

"Imba, Mwalimu," nilimwomba. "Usifanye kama unaimba. Imba."

"Wimbo gani?"

"Ule wa majaribio."

Akafunga macho, akavuta pumzi, akaanza. Kwanza kwa woga, kisha sauti ikapata njia yake ikapanda, na mabega yakashuka yenyewe. Wachumaji wa chai waliokuwa mteremko wa pili wakaacha mikono juu ya majani. Sikuwa nikielewa hata neno moja la lugha ile ya kigeni. Nilikuwa nikibonyeza, ninazungusha filamu, ninabonyeza, ninamwomba Mungu picha zisiwe zimetikisika zote. Tone la kwanza la mvua lilipogonga kamera nilivua koti nikaifunika, nami nikalowa mpaka ndani.

Mchana waliniomba nibaki niishike Sabato pamoja nao. Nilitamani kubaki, lakini mabango hayakuwa Wasabato. Nyamweya alinisindikiza hadi kituo cha majani ya chai, lori likanichukua, na usiku ule nililala Kisii nikiwa nimezungushia filamu nguo zangu zote kavu. Jumamosi ndani ya basi sikumwongelesha mtu. Niliwaza kwamba mvua imeingia kwenye kamera na kwamba nimemdhalilisha mzee wa watu bure.

Nairobi nilikwenda studio moja kwa moja. Filamu mbili zilikuwa zimeingia unyevu, zimejaa madoa. Ya tatu ilikuwa nzima. Katika hiyo, picha nyingi zilikuwa za kawaida, na moja ilikuwa Bi. Kemunto mwenyewe: kichwa amekiinua kidogo, mdomo wazi, shingo imenyooka, na mabega yametulia. Jumatatu katibu aliitazama kwa muda, akazikusanya zile picha za binti mwingine akazirudisha kwenye bahasha. Nilikwenda nje nikakaa kwenye ngazi.

Majuma machache baadaye, tamasha la Nairobi likiwa limekwisha na Bi. Kemunto amepigiwa makofi hadi wapiga fidla wakasimama, nilirudi Kisii na mabango. Nilihakikisha yanabandikwa ukuta mmoja tu, wa duka la nguo karibu na stendi, nikatuma habari Itumbe kwa dereva wa lori. Ahadi ni deni. Niliona nimemaliza kazi, Mzee atapita njia ya nyuma, na kila mtu atalala.

Siku ya soko nikamwona anakuja kwa barabara ile ile, kofia kichwani, anakohoa. Nilidhani habari haikumfika. Lakini alipokaribia duka aligeuka, akarudi nyuma kinyumenyume kama anayelielekeza gari, hadi mgongo wake ukaugusa ukuta, bango likiwa juu ya kofia yake. Akatazama barabara.

"Bwana picha," alisema, "watu wanaiangalia?"

"Wanaiangalia, Mzee."

"Niambie ikoje."

Nikaanza juu, kwenye nywele. Nikamweleza macho yaliyofungwa, na uso ulivyotulia, na mdomo ulivyo wazi kabisa bila woga. Nikamweleza shingo, na mshipa mmoja uliotokeza pale sauti ilipokuwa juu. Alitikisa kichwa kwa kila kitu.

"Na chini ya shingo?"

"Chini ya shingo, Mzee, ni maandishi."

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Yanasema nini?"

"Yanasema: Bi. Kemunto Onchiri."

"Onchiri?"

"Onchiri, Mzee."

"Rudia," alisema, akajiweka sawa kwenye ukuta. "Na usinong'one. Hawa watu wa soko hawajasikia."