Vinu Viwili vya Mama

Harufu ya karanga zikikaangwa huwafanya wengine wameze mate. Mimi hunifanya nigeuke kumtafuta mdogo wangu. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na miaka tisa, tumehamia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kutoka Bukavu kule Kongo, na kila jioni safu yetu ya nyumba za udongo ilinukia karanga. Mawese tuliyoyazoea yalikuwa adimu, basi sombe, yaani kisamvu, majani ya maboga, hata uji wa watoto, vyote vilitiwa unga wa karanga kama walivyofanya wenyeji wetu Wamalawi. Mdogo wangu Baraka, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, alionjeshwa uji huo siku moja. Uso ukamvimba, kifua kikaanza kupiga miluzi. Baba akamkimbiza Lilongwe kwa lori la kuomba, na daktari akasema wazi: karanga zisimguse tena, la sivyo mtampoteza.

Mama hakupoteza muda kulia. Alitoa unga wote wa karanga nyumbani, akasugua masufuria kwa majivu, akatukataza kumbusu mtoto kabla ya kunawa. Majirani wengine walisema karogwa. Wengine wakasema mkimbizi gani huyu anachagua chakula. Mama aliwaacha waseme, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilipewa kazi moja, kuhakikisha hakuna anayemlisha Baraka chochote, na niliifanya kwa ukali hata mabibi vizee wakaninunia.

Lakini hakuna aliyefikiria kinu. Kinu chetu kilihudumia nyumba sita, na kwetu kumnyima jirani kinu ni aibu kuliko kumnyima chumvi. Asubuhi moja Mama alikuwa kisimani, akaja Mama Zaina, jirani yetu kutoka Kindu aliyeuza unga wa karanga sokoni. Alikiomba, nikampa, nilimsaidia hata kukivingirisha. Alikirudisha kimeoshwa, kama adabu inavyotaka. Alasiri Mama akatwanga ndani yake mahindi ya uji wa Baraka. Baraka alikula vijiko viwili tu, midomo ikavimba.

Mama alimbeba akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi Lumbadzi kutafuta basi dogo la kwenda hospitali. Nilibaki na Mama Zaina. "Ni mi njo nilikupa kinu," nilimwambia. Alinivuta kifuani. "Niliiosha, mwanangu," alisema, "lakini karanga inaingiaka ndani ya mbao." Tuliomba wote wawili, yeye kwa dini yake na mimi kwa yangu. Majuto ni mjukuu, na siku hiyo nilimjua mapema mno.

Baraka alirudi kesho yake, hai, anataka kunyonya. Nikakiri, nikingoja fimbo. Mama hakunipiga. Alikivingirisha kinu hadi mlangoni kwa Mama Zaina. "Hii kinu ni yenu sasa," alisema, "mutwange karanga mpaka ichoke. Ile ingine nitaleta, hakuna muntu ataigusa." Mama Zaina aliona haya. Siku chache baadaye alirudi kutoka Lumbadzi na kinu kipya kichwani, amekifunga kitambaa chekundu, na tangu hapo akawa mlinzi mkali kunishinda. Mtu akikikaribia tu, alipiga kelele safu nzima isikie: "Toka! Hiyo ni ya Baraka!"

Siku hizi Baraka anaishi Area 49, mtaa wa Lilongwe. Pakiti za dukani zimeandikwa kilichomo, naye hutembea na sindano yake ya dharura mfukoni. Sisi tulikuwa na kitambaa chekundu na sauti ya jirani. Mwaka jana aliniita nimlishe binti yake uji wa kwanza. Nikasita. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia ni nani aliyetoa kinu siku ile, na nilikuwa nimechoka kukibeba moyoni. Nikamwambia. Akanipa kijiko. "Njo maana nakuita we, dada," alisema. "We hautasahau." Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi, nikanawa tena.