Kioo Changu Kilichobaki Mwera

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya Tanga, miaka ya hamsini, Bwana Daktari hakuniuliza hata jina. Aliniinamisha kwenye hadubini akasema, "Tazama." Ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama unywele, damu ilikuwa ikipita. Chembe nyekundu za damu ni vifuko laini vilivyojaa majimaji mazito. Mkondo huvipinda, huvirefusha, kisha huvisukuma katikati, mbali na ukuta wa mrija. Kandokando hubaki ufito mweupe usio na chembe. Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni, nikadhani ananifanyia kiinimacho.

"Hata mimi sijui vizuri kwa nini zinaukwepa ukuta," alisema. "Ndiyo maana nataka damu nyingi."

Maneno hayo sikuyapenda. Pwani nzima ilikuwa ikinong'ona habari za mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao ili watengeneze dawa, na mimi ndiye niliyevalishwa koti jeupe.

Nilihamishiwa Pangani, kisha zahanati ya Mwera. Amri ya Bwana Daktari ilikuwa moja: kila mwenye homa atobolewe kidole, na kioo chenye tone lake kipelekwe Tanga. Bila damu, hakuna dawa.

Bibi Mwanaidi alimleta mjukuu wake akiwaka homa, macho yamemgeuka. Nilimwamkia shikamoo, nikachukua sindano. Akanishika mkono.

"Tangulia weye."

Nikajitoboa. Tone moja nikalipaka kiooni, jingine nikalivuta mrijani na kumwonyesha chini ya hadubini. Alitazama sana.

"Vidude hivi vyaogopa ukuta," akasema. "Vyajua vimeibwa."

"Havijui kitu, bibi. Ni ulaini wake tu."

"Haya, mtoboe mtoto. Lakini tone lako nakaa nalo miye. Akifa, ninayo damu yako."

Akakifunga kioo changu kwenye pindo la kanga. Mtoto alikuwa na malaria kali. Nikampa dawa, nikakaa naye hadi homa iliposhuka. Nilimwombea yeye, na nilijiombea mimi. Mtu mzima na koti langu, naogopa tone la damu!

Mtoto alipona. Nilipokwenda kukidai kioo, bibi aliniuliza, "Na cha mjukuu wangu ki wapi?"

"Tanga, bibi."

"Chafanywa nini huko?"

Niliondoka mikono mitupu. Katika vioo vyote nilivyopeleka hakuna kilichorudi, wala sikuambiwa viliishia wapi.

Sasa nimestaafu. Bibi Mwanaidi alikufa zamani, na kioo changu hakunirudishia. Kila nikishikwa na homa najiuliza kiko mikononi mwa nani, na hapo ndipo ninapojua walivyoishi wale wote niliowatoboa vidole.