Mapacha wawili, posho ya mmoja

"Hasina amefika miaka kumi. Husna bado." Ni kauli ya karani wa posho, leo asubuhi, mlangoni pa ghala la serikali hapa Kindu.

Hasina na Husna ni mapacha.

Kanuni imebandikwa mlangoni pale. Mtoto wa mfanyakazi wa serikali hupewa kila wiki mchele nusu ya posho ya baba yake, na chumvi. Akitimiza miaka kumi, hapewi kitu.

Wengi wetu hatuna cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo karani humwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilishika, amekua.

Hasina alilishika. Husna alikosa kwa ncha ya kidole.

Karani akalikata jina la Hasina.

"Bwana karani, hawa niliwazaa siku moja!" mama yao akalia.

"Mukono haidanganye, mama."

"Basi huyu njo alianza kukulia tumboni?"

Foleni ikacheka. Hasina akavuta shati la karani: "Nirudilie kupima, baba. Sasa sitafika."

Hapo kicheko kiliisha.

Nilisoma karatasi ya mlangoni mara mbili. Mkono hautajwi. Sikio halitajwi. Nilimwonyesha karani, akafunga mlango.

Wiki hii wasichana wawili watakula chakula cha mmoja.

Mzungu mkuu wa ofisi anasikiliza malalamiko Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mama Hasina anakwenda na mkunga aliyewapokea wote wawili. Nani mwingine mwanawe amefutwa kwa sikio? Njoo naye.