Filomena wa Jumba la Frimasoni

Filomena Kobelo hakuwahi kuwa Frimasoni, na hata angetaka asingeweza, maana mabwana wa lile jumba hawakupokea wanawake. Jambo hilo mtu yeyote angeuliza angejibiwa. Lakini mtaa wake mzima wa Kihonda hakutokea wa kuuliza, kwa sababu uvumi ukishanoga hakuna anayetaka kuuharibu kwa swali.

Alizaliwa Kinole, juu katika milima ya Uluguru, katika ukoo wenye migomba na iliki, akateremka Morogoro mjini akiwa msichana kufanya kazi kiwanda cha nguo. Kelele za mashine zilimzoea naye akazizoea, hata siku za mapumziko kimya kikawa kinamkosesha usingizi. Akazaa mtoto mmoja, Yohana. Baba wa mtoto alikwenda kusini kutafuta madini na huko huko akapotelea. Ikaja ile miaka ya ruksa na soko huria. Kiwanda kikatafutiwa mnunuzi, wafanyakazi wakapunguzwa, Filomena akajikuta nje ya geti na kiinua mgongo chake. Wenzake wengi walifungua magenge ya nyanya na dagaa. Yeye alinunua kiwanja Kihonda, akafyatua matofali kwa mikono yake, akayachoma, akajenga vyumba viwili na kuviezeka bati. Alikuwa mwanamke wa pekee katika safu ile ya nyumba kulala chini ya bati bila mume, na hilo peke yake liliwatosha watu kuanza kumtazama.

Kazi mpya aliipata katika jumba la mawe lililokuwa chini ya mlima, lililojengwa na walowezi wa mkonge enzi za Mwingereza. Watu wa zamani waliliita jumba la mumiani, wakiamini kwamba humo watu hunyonywa damu. Walowezi walikwisha kuondoka, na wanachama waliobaki walikuwa wazee wachache: wafanyabiashara wa Kihindi, daktari mstaafu, na wahadhiri wa chuo kikuu. Katibu wao alikuwa mmoja wa wahadhiri hao, Dokta Allen, mtu mpole asiyependa kupandisha sauti. Yeye ndiye aliyemwajiri Filomena afagie, apige pasi glavu nyeupe, apanguse aproni zao za ngozi ya kondoo kwa kitambaa chenye unyevunyevu, na apike chakula cha baada ya kikao.

Kikao kikianza mlango ulifungwa, na mwanachama mmoja akabaki nje na upanga kulinda. Mlinzi mwenyewe alikuwa mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, magoti yameliwa na baridi yabisi. Upanga aliuegemeza ukutani, akaja jikoni kuomba chai. Kupitia ukuta wa jikoni Filomena aliwasikia wale wengine wakikariri maneno yao marefu, mmoja akikwama na mwenzake akimnong'oneza, kama watoto wa komunio ya kwanza mbele ya padri. Aliona Biblia na Kurani zikiwekwa juu ya meza moja. Alijua wanachangia miwani ya wanafunzi wasioona ubaoni. Alijua pia kwamba walikula kuku wengi kuliko umri wao ulivyoruhusu. Zaidi ya hapo hakujua kitu wala hakuona ajabu, maana hata kiwandani zilikuwepo ofisi ambazo hakuwahi kuingia.

Siku alipoanza kazi Dokta Allen alimwomba jambo moja tu.

"Mama Yohana, ya humu tuachie wenyewe. Si kwamba ni mabaya. Ni utaratibu wetu."

Filomena alikubali kwa moyo mweupe, kama mtumishi yeyote mwenye adabu anavyokubali kutotangaza ya nyumba za watu. Basi jirani yake Zuhura, mwanamke mwenye mdomo usiojua kupumzika, alipomuuliza siku moja kisimani, "Hivi kule huwa mnafanya nini?" Filomena akatabasamu na kumjibu, "Ya kule ni ya kule, shoga." Alidhani anatunza heshima ya kazi yake. Zuhura akasikia kiapo. Kufika jioni maneno hayo yalikuwa yamezunguka mtaa mzima, na kila mdomo uliyatia chumvi yake.

Kisha yakaja magazeti. Serikali ilikuwa imelegeza kamba, na kila mwenye mashine ya kuchapa akawa na gazeti lake. Moja likaandika kwa herufi kubwa kwamba Frimasoni hupata utajiri kwa kutoa kafara watoto wao. Lile neno ambalo wazee walikuwa wakilinong'ona kwa jina la mumiani sasa lilikuwa na jina jipya, na picha, na bei ya kununulia pale stendi. Watu wakasoma, wakainua macho, wakaliona bati la Filomena.

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Walimtenga kwa adabu, na hiyo ndiyo inayouma zaidi. Akiomba chumvi alipewa, ila akienda kuirudisha aliambiwa, "Aa, mama, kaa nayo tu." Zamu ya sala za jumuiya ilipokaribia nyumbani kwake ilimruka ikaenda nyumba ya pili. Shikamoo za watoto wa jirani zilikuwa za mbio mbio, mguu mmoja tayari unaondoka. Filomena aliyaona yote akapiga moyo konde. Angejibu nini, na angemjibu nani? Kusengenywa hakujibiki, kwa sababu msengenyaji hakupi nafasi ya kumsikia.

Yohana alikuwa kijana wa kucheka sana, utingo wa lori la mazao njia ya Dodoma. Mwaka ule wa mvua kubwa lori lao lilikatika breki karibu na Dumila, likapinduka. Dereva alitoka na michubuko. Yohana, aliyekuwa amekaa juu ya magunia, hakutoka.

Msibani Kihonda walifika wanawake wachache. Walikaa kwenye mkeka wa karibu na barabara, na uji ulipoletwa kila mmoja akasema ameshiba. Zuhura alisimama mlangoni, akasema pole kwa mbali, mikono ameikunjia ndani ya khanga. Filomena aliwaona wanavyomtazama usoni, akaelewa wanachokitafuta. Akilia, watasema anajifanya. Asipolia, watasema ndiyo hivyo, alishajua. Mwanamke aliyezaa mara moja tu katika maisha yake akakaa pale na macho makavu, kwa sababu hata kilio chake kilikuwa kimewekwa kwenye mizani.

Siku ile ile Dokta Allen alifika na wazee wawili, wamevaa suti nyeusi. Walimletea jeneza la mninga lenye vishikio vinavyong'aa, na gari la kumpeleka marehemu Kinole. Ulikuwa wema, wema wa kweli, na laiti wangekuwa na akili ya mtaani wangeleta la mbao za kawaida. Kule barabarani wanawake wa mkekani waligusana viwiko. Filomena alimvuta Dokta Allen pembeni.

"Dokta, twende wote Kinole. Uwaambie watu nyinyi ni watu gani."

Dokta Allen akainamisha kichwa. "Mama Yohana, sisi hatujibu uvumi. Ndivyo tulivyozoea."

"Nyinyi hamjibu, baba. Ninayejibishwa ni mimi."

Dokta Allen alifuta miwani yake, akasema atamwombea. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea mlango uliofungwa, na hakujua jinsi mtu anavyopigwa na baridi akiwa nje yake.

Huko Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo Yohana alistahili kulala katika makaburi ya ukoo wa Filomena, na mwenye kuonyesha mahali pa kuchimba alikuwa mjomba wake Filomena, Mzee Dominiko. Gari lilipofika Kinole asubuhi, Filomena alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Basi, hilo tu. Macho ya mzee yalikuwa kwenye vile vishikio vinavyong'aa. Uvumi ulikuwa umepanda mlima kabla ya gari. Vijana walipomwendea na majembe kuuliza wachimbe wapi, alisema wasubiri kidogo, wazee wa vitongoji vya juu mlimani hawajafika. Wazee wa juu walipofika, alisema ardhi ina maji, isubiriwe ikauke. Jua lilipopita utosini akasema kichwa kinamuuma. Katekista alikwisha kufungua kitabu mara mbili na kukifunga. Hakuna aliyesema kwamba mtoto aliyeuzwa hana kaburi katika ukoo, lakini kila mtu pale uwanjani alikuwa anakisikia kitu hicho, na joto lilikuwa linazidi, na Yohana alikuwa ndani ya lile jeneza. Filomena alikaa chini kando yake akimpungia kipande cha khanga, kana kwamba bado nzi wanaweza kumsumbua. Alichoomba duniani wakati ule kilikuwa kitu kimoja: mwanawe asirudishwe mjini kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Ndipo akaja Athumani.

Athumani alikuwa mtani, wa ukoo ambao tangu mababu huwazika watu wa ukoo wa Filomena, na wa kwao huzikwa na ukoo wa Filomena. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Husema lolote, humkejeli marehemu, huwapora wafiwa kuku wao, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Anachoruhusiwa ni kujibu utani kwa utani. Athumani alikuwa na ulimi ambao watu walitembea mwendo mrefu kuusikia. Alifika akitokwa na jasho la kupanda mlima, akatazama majembe yaliyolala, akamtazama Mzee Dominiko aliyejishika kichwa, akaelewa bila kuambiwa.

Akachukua mfuko mweupe wa unga, akaufunga kiunoni kama aproni za kwenye picha za magazeti. Akaweka panga begani. Akaanza kulizunguka jeneza kwa mwendo wa gwaride, shingo ameinyoosha, mashavu ameyajaza upepo. Watu wakashika midomo. Akagonga kifuniko.

"Hodi humu! Mheshimiwa Yohana! Tunaambiwa wewe sasa ni Frimasoni. Mbona umekuja kulala kwetu maskini? Huko kwenu hakuna vitanda?"

Hakuna aliyecheka. Neno lenyewe, ambalo miezi yote ile lilitembea kwa kunong'onwa, lilikuwa limetamkwa kwa sauti, mchana, mbele ya mama mtu. Athumani akageuka.

"Na wewe Filomena. Hawa wote wanaogopa kukuuliza, mimi siogopi. Umemuuza bei gani mtoto wetu?"

Mwanamke mmoja akaguta. Katekista alitaka kuinuka, mwenzake akamvuta shati. Filomena alimtazama Athumani, na alichokisikia kifuani hakikuwa hasira. Ilikuwa nafuu. Mtu amemuuliza! Miezi mingi alijibu peke yake akifua, akipika, akitembea, na sasa kwa mara ya kwanza swali lilikuwa limekuja likiwa na uso na macho. Akasimama, akakung'uta vumbi kwenye khanga.

"Ahsante, mtani," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe tu. Sikiliza basi. Wale watu nimeosha sahani zao. Ni wazee, mtani. Wanakariri maneno yao na wanayasahau. Yule wa upanga unayemwiga hawezi kuinama, kamba za viatu vyake namfungia mimi. Hao ndio wa kukimbizana na watu usiku wawanyonye damu? Wangeanza na yangu basi, mimi niko jikoni kwao na sijui kukimbia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Mwingine akamfuata. Athumani akainua panga tayari kumjibu, lakini Filomena hakuwa amemaliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika.

"Ila labda nyinyi mnajua kuliko mimi. Magazeti mnayasoma nyinyi. Basi nisaidie jambo moja, mtani. Kama yuko mahali mtu anayenunua watoto, si anaweza pia kuuza? Nionyeshe mlango wake. Nina nyumba, nitampa. Nina mikono hii, nitamfanyia kazi mpaka nife. Mwambie mama yake amekuja kumnunua Yohana. Nionyeshe, Athumani. Nionyeshe niende leo hii."

Athumani aliteremsha panga taratibu. Akaufungua ule mfuko kiunoni, akaukunja, akaufutia uso. Halafu akamwendea Mzee Dominiko akasimama mbele yake bila mzaha wowote.

"Mzee wangu, mimi kazi yangu ni kuchimba. Nichimbe wapi?"

Mzee Dominiko akainuka kwa kuegemea fimbo, akapita katikati ya watu hadi kwenye makaburi, akapita ya pembeni wanapolazwa wageni, akaendelea hadi katikati kabisa. Akachomeka fimbo ardhini.

"Hapa," alisema. "Ubavuni mwa mama yangu. Na jembe la kwanza lete nipige mimi."

Filomena alisikia jembe likiingia kwenye udongo. Akaketi chini, akakumbatia jeneza la mwanawe kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kubwa, na wanawake wa Kinole wakaja mmoja mmoja wakakaa naye na kulia naye.