Mjomba Hakuitikia Shikamoo

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu video ya mjomba wangu akipiga gitaa ng'ambo, jazi iliyochanganywa na midundo ya Kuba. Jukwaa kubwa, taa za buluu, na yeye kafumba macho vilevile kama mchana ule wa utotoni mwangu nyumbani kwa bibi, kijijini Kidete.

Nilikuwa nimetoka shule. Uani kulinukia vitunguu vilivyoanikwa na moshi wa kuni. Mjomba alikaa kwenye kigoda, gitaa mapajani, kichwa kimeegemea ukuta.

"Shikamoo mjomba."

Kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa. Kimya. Kwetu hakuna mtu mzima anayeiacha shikamoo ya mtoto hivihivi. Kwa akili yangu, asiyeitikia alikuwa marehemu tu. Ni kweli vidole vyake vilikuwa vinakimbia kwenye nyuzi, lakini nilishaona kuku aliyechinjwa akiendelea kurusha miguu.

Nikamkimbilia bibi. "Bibi, mjomba amekufa, imebaki mikono!"

Bibi alitoka na ndoo, akammwagia maji yote. Mjomba akaruka, akaliinua gitaa juu kama mtoto mchanga, kisha akanitazama huku maji yakimchuruzika.

"Marahaba," akasema.

Siku hizi najua alikokuwa amezama. Hata hivyo, baada ya ile video nilimtumia ujumbe wa sauti wa kumwamkia. Kutwa nzima kimya. Jibu lilikuja asubuhi, limejaa kicheko:

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa jukwaani. Tafadhali, usimwite bibi yako na ndoo yake."