Mbwa Aliyepita Langoni

Baba yangu, askari polisi, alileta nyumbani kwetu Makindye mtoto wa mbwa aliyeogopa kila kitu: baiskeli, kuku, hata mfuniko wa sufuria ukianguka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kiburi cha kutosha, nikasema nitamfundisha kutembea kwa kamba.

Siku tatu nzima alikaa chini tu. Nilivuta, akakaza miguu. Nilimtukana vizuri sana. Mama, aliyekuwa akimenya matoke uani, akaniambia, "Acha kuvuta, mwanangu. Legeza kamba utembee wewe. Ataiga anachokiona."

Alisema kweli. Wiki ile ile tukafika barabara ya kambi ya jeshi. Mbele ya lango lile sote tulijua desturi: husimami, hutazami ndani, unainamisha kichwa na kuongeza mwendo. Mbwa hakuijua. Yeye aliyekimbia kuku alisimama langoni, mkia juu, akamkodolea macho mwanajeshi wa zamu. Mimi nikazidi kuinamisha kichwa. Mwanajeshi akampigia mluzi, akacheka, tukapita.

Tulipita hapo kila jioni. Baada ya miezi miwili nikamfungua kamba, naye akatangulia akinusa kila jiwe, hodari kabisa. Alipolikaribia lango akainamisha kichwa, akaongeza mwendo.

Majirani walimsifu kwamba ana adabu. Mimi nilijua alikuwa amemwiga nani.